Fimbo ya Tahadhari

Jumatatu, 12 Mei
Kuroiwa tena. Ngazini, mbele ya wasichana. Alibana pua akaigiza Kiingereza changu, akaniita Balozi. Nami nikacheka pamoja nao. Hilo ndilo linaloniunguza. Miaka sita nimesoma Singapuri, na kosa langu ni kutamka vizuri. Ijumaa nasoma hotuba ya Kiingereza mbele ya shule nzima. Akinizomea pale, nimekwisha. Nahitaji mlinzi.

Jumanne, 13 Mei
Nimempata! Onodera wa darasani kwetu, mcheza judo, mpana kama jokofu. Ujira: mkate uliojazwa tambi kila adhuhuri. Wa leo kaumaliza kwa matonge mawili.
Nilimdokezea Babu, akiwa anamenya maharage. Akasema yojinbo, huyo mlinzi wa kukodi, zamani hakuwa mtu. Ilikuwa fimbo ya tahadhari, ikikaa nyuma ya mlango kumngoja mwizi. Baadaye matajiri na wacheza kamari wakakodi watu wa panga, jina likawahamia. Fimbo ilikuwa bora, akasema, haina mkubwa wake. Wazee bwana.

Jumatano, 14 Mei
Aibu. Kuroiwa alitokea penye makabati ya viatu. Nikajibanza nyuma ya Onodera, nikangoja. Onodera akabana visigino, akainama mpaka nikauona ukuta mbele yake, akamwamkia Kuroiwa “kaka mkubwa”, kama wanajudo wadogo wanavyowaita wa mwaka wa juu, kwa sauti ya kutikisa vioo. Kisha akampokea mkoba.
Kuroiwa ndiye nahodha wa judo. Yuko mwaka wa tatu, Onodera wa pili. Akiambiwa ameze soksi, atameza na kushukuru. Nilimwuliza mbona hakuniambia. Eti sikumtajia adui. Mkate alishakula.

Alhamisi, 15 Mei
Nimenunua mikate miwili. Mdogo hawezi kula mbele ya mkubwa aliye mikono mitupu. Kwa hiyo sasa namlisha Kuroiwa pia. Nina hasira hadi meno yanauma.

Ijumaa, 16 Mei
Nilipanda jukwaani. Nilipofungua kinywa tu, Kuroiwa alimgusa Onodera begani, na mlinzi wangu, kwa mapafu niliyoyalisha mwenyewe, akanguruma: “Balozi, tutafsirie basi!” Ukumbi ukaangua kicheko. Nikashuka bila kusoma hata neno.
Onodera alinifuata chooni akilia. “Nisamehe, Hibino. Kaka mkubwa akisema nguruma, unanguruma.”
Babu anasema ningesoma tu, wangechoka kucheka. Babu hajui kitu.
Maana Onodera kanipa siri: Kuroiwa naye humwinamia mtu. Sakuma, nahodha wa zamani, yuko chuo kikuu, Jumamosi huja kuwafunza. Kuroiwa humbebea hata taulo. Ila Sakuma hagusi mkate. Hula nyama choma tu, tena ya ng’ombe wa bei.
Kesho asubuhi nauza baiskeli.