Siku Fundi Bomba Alipomuuliza Mama Mkwe

Sogeeni, enyi wenye masikio! Zimeni redio, epueni masufuria, na mwenye kikohozi akimalize sasa hivi, kwani nautangaza ushujaa wa Fundi Bomba, Mzibuaji wa Mifereji Iliyoshindikana, bingwa aliyezungumzia vyoo vya mji mzima bila kupepesa jicho, na siku aliyomuuliza mama mkwe wake swali moja.

Mama mkwe, Malkia wa Kochi, alikuwa na kisukari, na wiki hiyo presha nayo ikapanda kama iliyotumwa. Kila asubuhi, mkewe Fundi akishatoka kwenda kazini, Fundi alimpima mama presha, na kila asubuhi mashine ilisoma mia na hamsini na kitu. Daktari alikwishatamka: namba zikibaki hivyo hadi mwisho wa wiki, anaongeza dawa. Na hizo alizokuwa nazo tayari zilimtia mama kizunguzungu akiinuka. Juzi alijishikiza kwenye pazia, likashuka naye. Fundi aliogopa. Sifichi, aliogopa sana, maana alimpenda mama yule.

Muuguzi alikuwa amemweleza masharti: mgonjwa atulie kimya dakika tano, aegemee, nyayo ziwe sakafuni, mkono usio na nguo ulale mezani usawa wa moyo. Na kabla ya yote awe ametoka chooni, kwani kibofu kikijaa hupandisha presha. Lo! Ni mkwe gani mwenye adabu zake atamwambia mama aliyemzaa mkewe anyamaze, avue sweta, tena, jamani, aende haja? Basi wiki nzima alimpima juu ya sweta, mama akipiga soga, miguu kaipishanisha. Heshima tele, vipimo ovyo.

Asubuhi ile ya mwisho shujaa akasimama mbele ya kochi, mashine kifuani kama ngao, jasho likimtiririka.

"Ewe mama uliyenipa mke!" akanguruma, ila sauti ikatoka nyembamba. "Mimi niliyeingia mashimo yanayokimbiwa na panya, leo naomba kwanza radhi yako! Vua sweta, mama. Miguu usiipishanishe, mama. Usiongee, mama. Na... na kule... umeshakwenda?"

"Kule wapi?"

"Msalani, mama!"

Malkia akamkazia macho, kisha akaanza kujiinua polepole.

"Mwanangu, Mungu akubariki," akasema. "Wiki nzima nimebana! Ningeinukaje niende chooni, na wewe umeshakaa unanisubiri na mashine yako? Mkwe wangu kabisa! Nilikuwa naona haya."

Fundi akamshika kiwiko hadi mlangoni, kisha akageukia ukuta kwa adabu.

Mama aliporudi akavua sweta, na vita vikaanza upya. Dakika tano Malkia aliuma midomo, habari za jirani zikimchemka kifuani, wala hakutoa hata neno. Mashine ikavuma, ikakaza, ikalegea: mia na thelathini na mbili kwa sabini na nane! Fundi akarudia kupima, na namba zikasimama palepale. Akapiga magoti, akalia waziwazi.

Daktari hakuongeza hata kidonge. Nanyi mtakaotuzalia wajukuu, wasimulieni kwamba palikuwa na mtu aliyethubutu kuuliza. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla Fundi hajagusa mashine, sauti ya Malkia hupaa kutoka koridoni, mpaka mtaa wa pili wanaisikia:

"Mkwe! Nimeshakwenda!"