Sime Yangu ya Sponji

Jumamosi, 5 Agosti 2006

Leo nimeuawa mara nne. Mara nne! Mara ya mwisho nilikuwa nimeinama kufunga kamba za viatu. Lakini sijali hata kidogo, kwa sababu leo kumetokea jambo kubwa, na mimi Ojwang, karani wa shule, nahisi nilizaliwa kwa ajili yake.

Niandike kwa utaratibu. Kila Jumamosi alasiri sisi watu wanane wa Kitengela tunacheza vita kwenye machimbo ya zamani ya mawe, shambani kwa Tajeu. Bunduki ni za kuchezea, zinarusha vidonge vya plastiki vidogo kama dengu. Ukipigwa unainua mkono, unatoka, unakaa juani. Jua la pale nalijua kuliko mtu yeyote.

Basi leo Sahal, kepteni wetu, mwenye duka la magodoro karibu na steji, akatangaza kwamba kuanzia sasa tutatumia pia silaha za mkono. Za bandia. Sime, kisu, rungu, chochote, mradi ni sponji. Sababu ni kwamba kidonge kikifyatuliwa kwa karibu kinauma kama nyuki, na juzi Okoth alirudi nyumbani na alama tatu mgongoni akashindwa kumweleza mkewe. Kwa hiyo ukimfikia adui hatua tano, bunduki chini. Unamgusa na sponji. Amekufa.

Nakhumicha, ambaye ni nesi na ndiye refa wetu, alisoma sheria kwenye daftari. Kugusa, si kupiga. Kichwa, uso na shingo marufuku. Kudunga marufuku. Kurusha marufuku. Miwani ya kukinga macho haivuliwi hata kama jasho limekufanya kipofu. Kila silaha ataikagua yeye kabla ya mchezo.

Nilisikiliza kwa sikio moja. Lile lingine lilikuwa kwa Sahal, aliyekuwa akisema kwamba tarehe 19 timu ya Ngong inakuja, na kila timu itakuwa na mtu mmoja tu wa sime, wa kwenda kunyakua bendera. Mmoja! Kila mtu anadhani ni Sahal mwenyewe.

Tutaona.

Jumapili, 6 Agosti

Nimetengeneza sime. Nimeiharibu. Nimetengeneza nyingine.

Ya kwanza niliichonga kwa lile povu jeupe, gumu, linalokuja ndani ya boksi la televisheni. Jirani yangu Margaret alikuwa amelitupa. Ilitoka nzuri ajabu! Nyepesi, nyeupe, na ncha yake. Nikaipaka gluu ya viatu ili nibandike kitambaa. Gluu ikaila. Nilisimama nikiitazama ikinywea mkononi kama mandazi ndani ya chai. Baada ya dakika tano nilibaki na mpini.

Ya pili nimekata kwenye godoro langu, upande wa miguu. Nani anahitaji godoro chini ya visigino? Ndani nimetia kipande cha mpira wa kumwagilia maua, nje nimezungusha selotepu ya kijani. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Niliua pazia mara sita. Margaret akagonga ukuta akauliza kama naumwa.

Jumanne, 8 Agosti

Shule imefungwa, kazi ni kidogo. Nikaona nimpelekee Nakhumicha sime yangu mapema, zahanati, ili aone mimi ni mtu wa sheria. Mbinu safi! Nilipanga foleni saa nzima katikati ya akina mama na watoto wenye kikohozi. Mzee mmoja aliniuliza hiyo kitu ya kijani inaniuma wapi.

Nakhumicha aliikunja, akaibonyeza ncha kwa kidole gumba, kisha akaniambia nijipige nayo shavuni. Nikasema si sheria ni kugusa? Akasema ndiyo, lakini watu wakikimbia mkono huwa mzito, kwa hiyo silaha ambayo huwezi kujipiga nayo mwenyewe, usimpelekee mwenzako. Nikajipiga. Foleni nzima ilicheka.

"Hii ni salama kabisa," akasema. "Haiwezi kuumiza hata nzi. Anayefuata!"

Nilitoka nikiwa na furaha mpaka nilipofika barabarani na kuiangalia vizuri. Inalegea. Ukiinyoosha mbele, ncha inatazama chini kama mtu aliyekosea kanisani. Hii ndiyo itawatisha watu wa Ngong?

Alhamisi, 10 Agosti

Nimepata wazo! Tajeu ni Mmaasai, sime anayo ya kweli kiunoni, basi siri zote anazo. Nilimkuta chini ya pikapu yake akifunga nati. Nikamwamkia "Sopa", akaitika "Epa" bila kutoka. Nikamwambia nataka anifundishe kuvamia.

Akauliza namtaka nani. Nikasema watu wa Ngong. Akatoka chini ya gari haraka sana.

Ilibidi nieleze yote tangu mwanzo. Alicheka mpaka akaketi kwenye tairi. Kisha akasema yeye sime yake kazi yake ni kukata kamba na matawi, na kwamba kama ni kugusa mtu tu, basi nitembee polepole, nikae upande ambao upepo hautapeleka sauti yangu, nimguse begani. Basi.

Nimeona anaficha. Mtu hawezi kutoa siri za ukoo siku ya kwanza. Nilimshikia spana hadi saa kumi na moja lakini hakusema kitu kingine.

Jumamosi, 12 Agosti

Ushindi! Nimeua wawili!

Mmoja ni Okoth. Kamba ya kiatu ilikuwa imefunguka tena, na kwa kuogopa kuanguka nilikuwa natembea kwa vidole. Nikampata ameinama nyuma ya jiwe. Nikamgusa bega. Aliruka kama aliyekanyaga nyoka, akasema, "Aisei Ojwang, umetoka wapi?"

Wa pili nilimvamia kwa kelele, sime juu ya kichwa, kama simba. Huyo ndiye niliyefurahia zaidi. Lakini Nakhumicha alipuliza filimbi na kunitoa nje dakika kumi. Amesema kuinua silaha juu ya bega ni kutafuta kichwa cha mtu, na siku sponji itakapoteleza tutalia wote. Pia akasema kelele zangu zimetawanya ng'ombe wa Tajeu.

Sahal ameua watatu, kwa rungu lake la soksi iliyojazwa vipande vya godoro. Watatu, bila kutoka jasho! Atatangaza mtu wa sime Ijumaa. Siwezi kula.

Jumatano, 16 Agosti

Sasa nimefikiri. Tatizo si mimi. Tatizo ni ule mpira wa maji ndani ya sime. Nimenunua paipu ya plastiki, ile ngumu ya maji ya bomba, urefu wa mkono. Nimekata tena godoro (sasa linaishia magotini) na kutengeneza sime nyingine, sawasawa na ile laini, kijani kwa kijani. Ukiziweka pamoja huwezi kujua. Ila ukiinyoosha mbele, inanyooka! Inakata hewa, inalia fyuu!

Laini itaenda kwa Nakhumicha. Ngumu itaenda vitani. Nilijipiga nayo shavuni kidogo tu, kwa haki. Nimetafuna upande mmoja tangu mchana.

Ijumaa, 18 Agosti

NI MIMI!

Sahal alikuja hadi kwangu akitoka swala ya Ijumaa, kanzu nyeupe, akasimama mlangoni akasema ameshafikiri na mtu wa sime ni mimi. Nilimuuliza mara tatu. Akasema walahi ni wewe. Nilimkumbatia. Nikamkaribisha chai, akaketi kitandani, akazama hadi sakafuni upande wa miguu. Kama mwuza magodoro alitazama sana lakini hakuuliza.

Alipoondoka nilizitazama sime zangu mbili. Dakika moja nilifikiri niiache ile ngumu nyumbani. Amenichagua, nishapata nilichotaka. Lakini siku kubwa inataka silaha kubwa.

Jumamosi, 19 Agosti

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Ngong walikuja wanane, wana sare, kepteni wao ni Wanjala, mtu mkubwa kama mlango. Nakhumicha alikagua silaha zote. Akakunja sime yangu laini, akaniambia safi sana Ojwang. Nikaenda nyuma ya jiwe kubwa, nikaiacha pale, nikachukua ndugu yake niliyekuwa nimemficha asubuhi.

Filimbi. Tulianza vizuri! Okoth alimtoa mtu wao wa kwanza. Mimi nikazunguka upande wa kushoto, nikatambaa, nikaona bendera yao nyekundu, hatua thelathini. Ndipo kimbunga cha vumbi kikaingia machimboni, kile cha Agosti, kikafunika kila kitu. Katika lile vumbi nikaona mgongo wa mtu karibu na bendera. Mlinzi wao!

Nilisahau kugusa. Nilisahau bega. Niliinua sime juu kabisa, nikapiga kelele, nikashuka nayo.

Mtu yule akageuka. Alikuwa Sahal.

Alikuwa amezunguka upande wa pili kunilinda. Nilisikia mlio mkavu. Sponji ilikuwa imepasuka kwenye ncha na paipu imetoka nje kama mfupa, na imempiga kwenye miwani. Kioo cha kulia kilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini. Akaketi chini taratibu. Damu ikaanza kushuka kwenye shavu.

Filimbi ililia muda mrefu. Kila mtu akaacha alichokuwa akifanya. Hata vumbi nadhani lilitulia.

Nakhumicha alipiga magoti, akamvua miwani polepole, akapangusa damu. Tulisubiri. Sijawahi kusubiri hivyo maishani.

"Fungua jicho. Unaona vidole vingapi?"

"Viwili," Sahal akasema.

"Na sasa?"

"Vinne. Na Ojwang, amekuwa mweupe."

Jicho ni zima. Ni nyusi tu iliyokatika. Nilianza kulia, sioni aibu kuandika. Nakhumicha aliokota ile sime, akaitazama paipu, akanitazama mimi. Nikakiri mwenyewe, mbele ya timu zote mbili. Nikaenda nyuma ya jiwe nikaleta ile laini. Wanjala akasema bila ile miwani leo tungekuwa tunazungumza mengine. Mchezo wakapewa Ngong, na hawakushangilia.

Tajeu alimpeleka Sahal zahanati na pikapu. Mimi nilikaa nyuma ya pikapu, juu ya mawe aliyokuwa amepakia.

Jumapili, 20 Agosti

Nimeenda dukani kwa Sahal na ndizi. Dada yake Habibo alikuwa kwenye kaunta. Alipokea ndizi, hakupokea salamu.

Sahal alikuwa ameketi juu ya magodoro matatu, plasta juu ya jicho. Nyuzi tatu. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Ilipotea yote.

"Nisamehe, ndugu yangu," ndiyo niliyoweza.

"Paipu nilisamehe jana," akasema. "Kitu kinachoniuma ni kwamba ulinificha. Ungeniambia unaiona ile laini haitoshi."

"Ungesema nini?"

"Ningesema mimi nilikuchagua na ile laini! Ulimgusa Okoth hata hakusikia. Nikasema huyu anatembea kama paka, huyu ndiye ataleta bendera. Zile kelele zako nani alizitaka?"

Akamenya ndizi, akanikatia nusu. Habibo alileta chai vikombe viwili, na changu alikiweka chini kwa nguvu, lakini alikileta.

Hukumu ya Nakhumicha imekuja kwa simu. Hadi Desemba nisishike silaha yoyote mkononi. Na kila Jumamosi, kabla ya mchezo, nitakunja mkono wa shati, na kila silaha ya kila mchezaji itajaribiwa juu yangu. Sahal alicheka mpaka akashika plasta.

Nimebadilika. Naandika hapa kwa herufi kubwa: NIMEBADILIKA. Nimejifunza.

Jumatano, 23 Agosti

Nimekaa siku tatu nikitafakari kosa langu kwa unyofu kabisa, na sasa nimelipata. Vumbi! Ningeona vizuri, ningejua ni Sahal. Na kwa nini sikuona? Kwa sababu nilikuwa chini. Mtu aliye juu anaona juu ya vumbi. Hii ndiyo njia ya usalama, na usalama ndio anaoutaka Nakhumicha!

Nimeomba daftari la sheria nikalisoma mara mbili, neno kwa neno. Nimekatazwa kushika silaha mkononi. Sawa, sitashika. Lakini hakuna mahali, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, panaposema mchezaji asije amepanda punda.

Leo asubuhi nimezungumza na mama anayeuza maji mtaani kwetu. Jumamosi alasiri punda wake hana kazi. Ana miaka sita, ana afya, hajawahi kumpiga mtu teke isipokuwa akisikia kelele, filimbi, au kitu chochote kikilia ta-ta-ta karibu na masikio.

Nimemhakikishia kwamba tunapokwenda ni mahali patulivu sana.