Torkel Hali, Nami Sijui Kukataa Mara ya Tatu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Sufuria Moto, Wapishi wa Mbwa.

Ndugu Meneja,

Nakusalimu, na nasikia huko kwenu jua linawaka hata Januari. Huku Minnesota theluji imefika kwenye kizingiti cha dirisha na gari limeganda. Baada ya salamu, nina malalamiko. Sikuzoea kulalamika. Kwetu mtu akikanyagwa mguu, ni yeye aliyekanyagwa anayeomba radhi. Kwa hiyo ukiona mimi nimeshika kalamu, jua yamenifika kooni.

Naitwa Arvid Tollefsrud, umri miaka sabini na minane, mgane. Mbwa anaitwa Torkel, masikio marefu, miguu mifupi, alikuwa wa marehemu mke wangu Ardis. Ardis alipofariki miaka miwili iliyopita, Torkel akaanza kuchagua chakula. Chakula kikavu cha gunia, alichokila miaka tisa bila kinyongo, akawa anakinusa kisha ananitazama kama vile nimemkosea. Binti yangu Marit, anayeishi Sacramento, California, akapata habari, akaamua kumlipia chakula kinachopikwa na kuletwa mlangoni kila baada ya wiki mbili. Marit ni mtu wa mahesabu. Akachora jedwali: Sufuria Moto upande huu, washindani wenu Mkia Juu upande ule, ladha, harufu, hata choo cha mbwa, vyote kwa alama kumi. Kazi yangu ni kumpa ripoti kila Alhamisi kwa simu. Malalamiko ni haya:

1. Torkel hali. Bata mzinga wenu na boga alimnusa, akaenda zake kulala. Nyama ya ng'ombe na karoti aliichambua, akazitoa karoti moja moja na kuzipanga juu ya zulia, sijui alitaka nizikague. Kuku wa Mkia Juu, yule anayekuja mkavu halafu unamloweka maji ya uvuguvugu, Torkel alimwinulia mguu akamkojolea. Hapo naomba uelewe kwamba mmewashinda. Nimewapa ninyi alama mbili na wao moja, nami ni mtu wa haki.

2. Kila pakiti imeandikwa: "Kimepikwa kwa upendo kwa ajili ya Torkel." Ardis alinipikia miaka arobaini na tisa, na viazi vyangu havikuwahi kuandikwa jina. Halafu mimi mwenyewe mnaniandikia barua kwa "Mzazi wa Torkel." Mchungaji wetu aliiona moja juu ya meza, akaniuliza kwa upole kama kuna jambo ningependa kumweleza.

3. Friza imejaa maboksi yenu. Samaki wangu niliowavua kwa jasho, nikitoboa barafu ya ziwa kwa mikono hii, sasa wanalala nje barazani. Jirani yangu Delmer alikuja mwezi uliopita, akafungua friza kutafuta samaki, akakuta bata mzinga. Nikamkaribisha bila kufikiri. Akasema hapana, usijisumbue. Nikamkaribisha tena, akasema ameshiba. Mara ya tatu akavua kofia, akapasha pakiti mbili bila miwani ya kusomea, akazimaliza. "Arvid," akaniambia, "tangu Ardis aondoke sijakuona ukila vizuri hivi." Sikuwa na moyo wa kumweleza kuwa ni cha mbwa. Sasa anakuja kila Jumatatu, na amenenepa.

4. Nimejaribu kufuta usajili huu mara nne, na hapa ndipo nawashitaki rasmi. Huku kwetu mtu akikukaribisha kahawa, unasema hapana, asante. Akirudia, unasema umekunywa nyumbani. Akiuliza mara ya tatu, basi ameikusudia kutoka moyoni, nawe unasema haya, tone tu. Anayekubali mara ya kwanza ni mlafi, na anayekataa mara ya tatu ametukana nyumba ya watu. Delmer anajua hivyo. Hata watoto wanajua.

Sasa nampigia msichana wenu Kaylee, ambaye hajawahi kuniona lakini ananiita Arvid kama mtu aliyesoma nami darasa moja. Namwambia nataka kuacha. Ananiuliza, "Arvid, una hakika?" Namwambia ninayo. "Na tukikupunguzia nusu ya bei?" Namwambia usijisumbue, mwanangu. Kisha, kwa sauti ya kuliza jiwe, "Una hakika kabisa, Arvid? Tutamkumbuka sana Torkel." Ningefanya nini? Hiyo ni mara ya tatu! Nikasema haya, kidogo tu. Likaja boksi kubwa kuliko la kwanza. Yamenitokea hayo mara nne, Ndugu Meneja, nikagundua kumbe mmefundishwa kuuliza mara tatu. Mmeigeuza adabu ya watu kuwa mtego wa panya.

5. La mwisho ndilo baya zaidi, nalo ni Marit. Tangu mazishi ya mama yake alikuwa ananipigia Krismasi na siku yangu ya kuzaliwa, dakika nne kila simu, mbili kati yake za hali ya hewa. Tangu mlete chakula chenu, ni kila Alhamisi saa nne asubuhi. "Amekula, Baba?" Hajala. "Hata kidogo?" Amelamba kifuniko. "Kifuniko cha nani, Sufuria Moto au Mkia Juu?" Saa nzima! Kahawa inapoa. Alhamisi iliyopita tulianzia kwenye maini ya kuku, tukaishia kwenye chapati nyembamba za viazi za mama yake, jinsi Ardis alivyokuwa akiangusha vipande chini ya meza makusudi kisha anasema, "Jamani, mikono yangu hii!" na Torkel tayari yuko pale mdomo wazi. Tulicheka mpaka nikatafuta kiti. Mtu wa umri wangu, anacheka asubuhi yote, theluji haijaondolewa mlangoni. Hilo nalo nawatwika ninyi.

Na kwa kuwa nimeanza, acha nimalize. Siku ya mazishi, kwenye ukumbi wa kanisa, Marit aliniambia, "Baba, njoo ukae na sisi." Nikasema hapana, usijisumbue. Kwenye uwanja wa ndege akaniuliza tena. Nikasema nina mbwa. Kisha nikangoja. Nilingoja mpaka mlango wa abiria ukafungwa. Ameishi California miaka ishirini na miwili, na nadhani huko watu wakiuliza mara mbili wanaamini walichojibiwa. Inaniuma, sitaficha. Kampuni ya kuwapikia mbwa inajua kuuliza mara tatu, na binti niliyemzaa mwenyewe amesahau.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, mfute usajili huu mara moja, kwa barua, bila kunipigia simu na bila Kaylee. Binti analipa, mbwa hali, jirani ananenepa. Hiyo si haki, nami sikubali kuwa mzigo kwa mtoto wangu kwa sababu ya bakuli la mbwa. Najua usajili ukifa, Alhamisi nazo zitakufa. Sawa. Nitarudia kunywa kahawa ikiwa ya moto.

Wasalimie wapishi, madereva wanaopita kwenye barafu hii, na Kaylee, ambaye kwa kweli ana adabu kuliko wengi. Delmer anauliza kama bado mnatengeneza ile ya nguruwe na tufaha.

Wako mwenye subira iliyobaki kidogo,
Arvid Tollefsrud
(mzazi wa Marit, wala si wa mtu mwingine)

N.B. Barua hii ililala mezani bila kufungwa, namshukuru Mungu. Leo Alhamisi, nikimtilia Torkel bata mzinga, kijiko kilinitoka na nyama ikaanguka chini ya meza. Mdomo ukasema wenyewe, "Jamani, mikono yangu hii!" Torkel akaila. Nikaangusha nyingine, akaila. Nikaangusha pakiti nzima, tonge moja moja, na sakafu sasa inang'aa kuliko siku ya Pasaka. Ni chakula kizuri. Nawapa kumi.

Kisha simu ikalia. "Amekula, Baba?" Nikasema hajagusa. Nilidanganya, na mbwa mwenyewe alikuwa miguuni pangu akijilamba ndevu. "Basi mlete huku nimlishe mwenyewe," Marit akasema. "Njooni wote wawili. Njoo tu, Baba." Nikahesabu vidoleni: kanisani, uwanja wa ndege, na leo. Nikasema haya kabla hajamaliza kuvuta pumzi.

Kwa hiyo msifute kitu. Badilisheni anwani iwe ya Marit, na akiuliza, msimwambie, mpaka tuwe tumefika, kwamba mbwa anakula. Na tafadhali, safari hii msiniulize kama nina hakika.