Mashimo Yamechimbika

Jumatatu, 3 Mei 1971

Niwie radhi, shajara. Tangu Januari sijakuandikia hata mstari mmoja. Si uvivu. Mwalimu mstaafu hawi mvivu, hutafakari.

Leo nimegundua jambo kubwa. Nilikwenda Keroka, dukani kwa Dahir, kununua sukari. Aliifunga kwa ukurasa wa gazeti la ng'ambo. Nimeusoma hadi chai ikapoa. Mwandishi, bwana mmoja mnene mwenye tai pichani, anasema mtu akitaka kitu asiseme atakipata. Aseme amekwisha kukipata! Aamini, atulie. Kitu kitakuja chenyewe.

Yaani siri yote ni wakati wa kitenzi! Maisha yangu yote nimefundisha -ta- na -me-, nisijue nimeshika utajiri mkononi.

Nimepata pa kuijaribia. Kituo chetu cha chai hapa Gesima kimebakiza fungu moja la miche. Mwenyekiti, Mzee Machogu, atampa mkulima mmoja tu, ambaye hajapata kwingine na ambaye mashimo yake yako tayari. Tunaogombea ni wawili: mimi na jirani yangu Obadiah. Nilimfundisha Obadiah. Bado husema "kitabu yangu". Mtu wa namna hiyo apande chai hadi mpakani kwangu? Haiwezekani.

Mke wangu, Persis, ameniuliza nitachimba lini. Nimemwambia mashimo yamechimbwa. Ametazama mteremko wa shamba letu, kisha akanitazama mimi. Amesema yeye humwomba Mungu alfajiri, jua likitoka akashika jembe, na hajasikia Mungu akilalamika. Ameapa pia kwamba mvua hii ikipita bila chai, atapanda migomba mteremko mzima.

Migomba! Mbele ya Obadiah!

Jumanne, 4 Mei

Nimebeba kiti hadi mteremkoni. Nimekaa. Nimetamka kwa sauti: mashimo yamechimbwa. Kimya.

Baadaye nikaliona kosa. "Yamechimbwa" ni kauli ya kutendwa. Hudai mtendaji, na mtendaji pekee aliyekuwapo ni mimi. Nikabadili: mashimo yamechimbika. Kauli ya kutendeka haimsumbui mtu.

Obadiah akapita, jembe begani, matope hadi magotini. Akapaza sauti: "Mwarimu, shimo yako iko ngapi?" Nikamsahihisha: mashimo yako ni mangapi. Akasema haya, ni mangapi? Nikamwambia somo limekwisha.

Mvua imeninyeshea mchana kutwa. Sikuondoka. Imani haikimbii mvua.

Ijumaa, 7 Mei

Nililala siku mbili kwa homa. Leo nimetoka nje. Ajabu! Mteremko mzima umejaa mashimo, mistari imenyooka kama daftari la mwanafunzi bora. Yamechimbika!

Nimemwita Persis aje aone. Hakukimbia. Alikuwa akiosha jembe. Kando yake Orpah, mke wa mwanangu Nyamongo, alikuwa akifunga malengelenge ya viganja kwa kitambaa. Persis amesema wamechimba wao wawili tangu Jumatano, nami nikikoroma.

Nimewaeleza kwa upole kwamba fikra haina mikono, hivyo ililazimika kuazima. Persis amesema basi fikra ije ioshe jembe. Orpah kwa heshima hanicheki usoni. Alinigeuzia mgongo, mabega yake yakatikisika.

Jioni Mzee Machogu amepita kukagua. Alitembea mstari mmoja mmoja na kuguna kwa kuridhika. Atatoa uamuzi Jumapili. Zimebaki hatua chache, na zote ni za kisarufi.

Jumamosi, 8 Mei. Sabato.

Wakati wa shukrani nilisimama kanisani. Nimeona nisikawie. Mbele ya mchungaji, waumini wote na Mzee Machogu, nilitangaza kwamba namshukuru Mungu, maana nimepata miche ya chai. Hali timilifu, safi kabisa!

Kanisa zima likaitikia amina. Mzee Machogu aligeuka, akanikazia macho, kisha akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Obadiah alikaa wima ghafla. Persis alifunika uso kwa Biblia. Nilidhani anaomba.

Jumatatu, 10 Mei

Miche amepewa Obadiah!

Nimekwenda kituoni, nimegonga meza. Mzee Machogu alishangaa. Alisema hajaona mashimo mazuri kama yale, na fungu lilikuwa langu kabisa. "Lakini Mwalimu, si wewe uliyeshukuru mbele ya kanisa? Nikasema, huyu amepata kule kituo cha Itumbe, huyu mwingine asikose." Nilimweleza kwamba ile ilikuwa -me- ya imani. Alinijibu kwamba mimi ndimi niliyewafundisha watoto wake, na -me- ya imani hawajaileta nyumbani.

Alikuwa ameanza kulegea. Naapa alikuwa ameanza kulegea. Mara Obadiah akatokea na miche yake mikononi, akanipigia kelele: "Mwarimu, ona miche yangu! Zimefika!"

Sikuweza kuvumilia. Nikafoka: "Imefika! Miche imefika!"

Mzee Machogu akapanua mikono. Akawaambia waliokuwapo kituoni, mwaona wenyewe, hata sasa anakiri imefika. Akafunga mlango wa kituo.

Jumanne, 11 Mei

Persis na Orpah wamepanda migomba katika mashimo yote. Persis hakunigombeza, heri angenigombeza. Amesema tu kwamba viganja vya Orpah havijapona, na kwamba yeye mwenyewe aliitaka chai ile kuliko nilivyoitaka mimi. Kisha ameegemeza jembe kwenye kiti changu.

Nimeliondoa jembe, nikakaa.

Nimetafakari sana. Bwana mnene hakukosea. Kosa ni la kiambishi. Hiyo -me- husikika kama kweli, watu huiamini. Mzee Machogu anaacha uenyekiti mwezi ujao, na kiti hicho nakitaka. Niseme "nilikuwa nimekwisha kuwa mwenyekiti"? Au "huwa mwenyekiti", ya mazoea? Obadiah anagombea pia. Anasema ataenda kwa kila mkulima kusikiliza shida zake. Kwa miguu! Maskini.

Nikisha kuamua wakati wa kutumia, nitakuandikia.

La, nasahihisha. Nimekwisha kukuandikia.