Matone ya Maua kwa Walioshtuliwa na Mtungi

Jumatatu, tarehe 6 Oktoba

Nimeamka saa tisa alfajiri bila kuamshwa na mtu. Kama kila siku tangu Agosti. Nyanchera, mke wangu, anasema silali kwa sababu ya ule mtungi wa gesi uliolipuka katika kibanda cha chipsi cha Mose, hapa sokoni Mosocho, nikiwa nimeketi pale pale nakula. Upuuzi! Mtungi ulilipuka, hakufa mtu, nikainuka nikaenda zangu. Kwamba nilienda zangu hadi mlima wa Nyanchwa, kwa miguu, na sahani ya Mose mkononi, hayo ni mazoezi. Sahani iko juu ya kabati. Ya buluu. Sijapata nafasi ya kuirudisha.

Siku hizi nyumbani tunapikia makaa. Nilipendekeza mimi. Ni kwa ajili ya ladha.

Walioathirika ni wengine. Mfano: Kaltuma, Mama Ruqiya, mjane, muuza leso na madira. Kibanda chake na cha Mose vina ukuta mmoja. Wiki tisa hajafungua. Akifika kwenye lango la soko, miguu inagoma, anarudi nyumbani. Leo Jethro, mwenyekiti wa soko, ametangaza mbele ya watu wote: Mama Ruqiya asipofungua Jumatatu ijayo saa mbili asubuhi, kibanda anapewa mtu mwingine. Eti soko si makumbusho. Na yule mama hana kingine duniani ila kibanda hicho na binti yake.

Nimeona huruma. Pia nimeona nafasi.

Simu yangu inasema huko kwa Wazungu, mtu mwenye kiwewe hupewa matone ya maua. Si chai ya maua, la! Ua linaelea kwenye maji, juani, kwa muda wa saa tatu. Roho ya ua inahamia majini. Ua linatupwa, maji yanabaki na tabia njema. Basi! Na sisi tuko Kisii, ambako ukichomeka mti wa ua ardhini jioni, asubuhi una majani!

Jumanne, tarehe 7 Oktoba

Sheria ya kwanza: maua yachumwe jua likichomoza, na mchumaji awe na moyo safi. Jua nimeliwahi.

Nimeenda kuchuma Kiogoro, ng'ambo ya mji, ambako sijulikani. Nimebeba bakuli la kioo la Nyanchera, la harusi, kwa kuwa simu inasisitiza kioo. Nimepata alizeti kwa ujasiri, ua la pasheni kwa usingizi, na ua jekundu nisilolijua kwa sababu lilikuwa karibu na njia. Nilikuwa nimeinama kwenye maua ya viazi bibi mmoja alipotokea nyuma yangu akaniuliza kwa Kigusii nimepoteza nini shambani kwake. Nikajibu kwamba mimi ni wa wizara ya kilimo, nahesabu maua. Akauliza tangu lini wizara ikabeba bakuli la saladi. Kabla sijajibu amenishika mkono, akaniburuta hadi kwenye mgomba wake unaooza, akataka niuandike. Nimeuandika. Akataka nisome nilichoandika. Nimesoma. Nimeahidi kurudi na dawa.

Bakuli nimeliweka juu ya paa la choo, palipo na jua kuliko kwingine. Nikalisahau. Saa nane mvua, kama kawaida yetu. Limejaa hadi ukingoni.

Nimeamua kwamba maji ya mvua ni sehemu ya tiba.

Jumatano, tarehe 8 Oktoba

Tatizo! Simu inasema maji hayo yachanganywe na brandi ili yasiharibike.

Brandi! Mama Ruqiya ni Mwislamu. Nusu ya soko ni Wasabato, mke wangu akiwa mstari wa mbele wa kwaya, sauti ya pili. Nimemuuliza Nyanchera, kwa mfano tu, tone moja la brandi katika ndoo nzima lingekuwa na ubaya gani. Ameimba wimbo wa kanisani, beti zote nne, akinitazama usoni.

Nimemwendea Mama Ruqiya nyumbani kwake. Nimemwambia yote kuhusu maua, kisha nikaingiza brandi kwa sauti ya chini. Akaniambia, “Baba Kemuma, tone ni tone. Litie ziwani, mimi sinywi ziwa.” Lakini akasema nikileta kitu kisicho na pombe ataonja, maana kwa wiki tisa ameonja vyote, hata ushauri. Na iwapo Jumatatu ataweza kukaa ndani ya kibanda chake, nitapata pembe moja ya rafu yake niuzie matone yangu. Pembe yangu mwenyewe, sokoni!

Wakati tunaongea, mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni. Mama Ruqiya alisimama ghafla, mkono kifuani. Ajabu ni kwamba hakutazama jikoni. Alimtazama Ruqiya, mtoto wa miaka tisa, aliyekuwa anafanya hesabu mezani bila habari. Alimtazama muda mrefu. Nimeandika hili kwa sababu sikulielewa.

Mimi pia nilikuwa nimesimama. Nilikuwa natoka.

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba

Ufumbuzi! Asali haiozi. Kila mtu anajua. Nimetia asali kwenye maji ya maua, nikaongeza ndizi mbivu zilizopondwa na kuchujwa, maana hakuna Mkisii aliyewahi kuikataa ndizi. Nimepata chupa ndogo ishirini na nne za kahawia zilizokuwa za dawa ya kikohozi. Hazikuwa na vifuniko. Nikaziba kwa magunzi ya mahindi, kama mama alivyokuwa akiziba chupa za samli, nikayagonga kwa jiwe mpaka yakakaza. Lebo nimeandika kwa mkono: MATONE YA UTULIVU. Hayana Pombe. Na chini yake: Mtaalamu Angwenyi.

Nimelitazama jina langu kwa muda.

Ijumaa, tarehe 10 Oktoba

Nina mshindani. Anaitwa Ruth. Ana cheti cha unasihi kilichotiwa fremu, na ana viti. Kwa kweli viti ndiyo kazi yake yote: anavipanga duara katika ukumbi wa soko, watu wanaketi, wanazungumza. Bure! Mtu anayetoa kitu bure anaharibu taaluma.

Nimemkuta leo akiwaandikisha wale waliokuwepo siku ya mtungi. Akaniuliza mbele yao nimetia nini kwenye chupa. Nikasema roho za maua. Akasema yeye hana ugomvi na maua, anayapenda sana yakiwa kwenye chombo cha maua. Wakacheka. Nikacheka pia, ili isionekane wanamcheka mtu. Kisha akasema kwa upole kuna kiti kimoja kitupu, kwa nini nisikae na wengine, si nilikuwepo? Mimi! Nikamweleza kwamba mimi huja kama mtaalamu. Akatazama miguu yangu. Ilikuwa mlangoni, ikielekea nje. Napenda hewa.

Tumeafikiana, hata hivyo. Ijumaa Waislamu wana msikiti, Jumamosi Wasabato wana Sabato. Kwa hiyo duara ni keshokutwa Jumapili saa tisa alasiri, na matone yangu yataonjwa baada ya mazungumzo, kila mtu kwa hiari yake. Mama Ruqiya amekubali kuja. Ukumbi uko nje ya lango la soko, miguu yake haina pingamizi.

Jioni Nyanchera ameniambia chumba chetu cha kulala kinanuka busaa, kama kilabu cha pombe. Nikamwambia hiyo ni harufu ya maua yanapokomaa. Nimetega sikio: chupa zinanong'ona. Sss. Dalili ya nguvu! Nimeyagonga magunzi tena, kila moja mara tatu.

Jumapili, tarehe 12 Oktoba

Naandika haraka. Sijavua viatu. Ni baridi.

Tulikuwa kumi na mmoja. Mama Ruqiya na Ruqiya. Mose wa chipsi, akiangalia sakafu kama mtu aliyeletwa kushtakiwa. Jethro mwenyekiti, aliyesema amekuja kama msimamizi tu. Katoni yangu ya chupa niliiweka dirishani juani, ili matone yapate joto. Ruth akatuambia tufumbe macho tuvute pumzi. Tukavuta.

PA!

Gunzi la kwanza liligonga dari. PA! La pili. PA! PA! La tano na la sita pamoja.

Sikumbuki nilivyoondoka kitini. Nakumbuka nilikuwa chini ya meza, kichwa changu ndani ya mkoba wa Ruth, na maji matamu ya ndizi yakinidondokea mgongoni. Watu wote walikuwa sakafuni. Mama Ruqiya alikuwa amemlalia binti yake, amemfunika mwili mzima kama kuku na kifaranga. Kisha gunzi la mwisho, taratibu, kama mtu anayeomba radhi: pu.

Mama Ruqiya aliinua kichwa. Akaniona. Akasema, “Mtaalamu! Kumbe wewe ulifika kabla yetu sote?”

Wakacheka. Si kucheka kidogo. Mose alilia machozi. Jethro alitoka chini ya benchi akaeleza kwamba alikuwa anatafuta kalamu yake. Kalamu ilikuwa sikioni mwake. Wakacheka upya.

Halafu Mama Ruqiya, akiwa bado sakafuni, mikono haijamwachia mtoto, akaacha kucheka. Akasema leo amemfunika. Siku ile hakumfunika. Siku ile alikimbia. Alifika barabarani ndipo akakumbuka kwamba mtoto yuko ndani, chini ya leso, amelala. Mtoto alitoka mwenyewe kwenye moshi. Akasema si moshi anaouogopa pale kibandani. Anaogopa kusimama pale mahali alipomwacha.

Ruqiya akamwambia mama yake kwamba yeye anajua, mlipuko ulimwamsha, alimwona akikimbia, na pia alimwona akirudi. Akasema, “Ulirudi bila kiatu kimoja, Mama.”

Basi wakafunguka! Mzee mmoja alisema siku ile alimruka mama yake mzazi akikimbia. Mose akasema kila usiku anakaza upya mpira wa mtungi ambao haupo tena. Wamezungumza hadi saa kumi na mbili, viti vimesahauliwa, wote chini kwenye maji ya ndizi. Ruth hakusema maneno kumi. Nilimwonea huruma, cheti kizima na hana la kusema.

Zamu ilipofika kwangu nikasema sikumbuki. Mose akasema yeye anakumbuka: nilipita juu ya kaunta, na sahani yake. Aliuliza iko wapi. Nikasema iko salama.

Hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu matone. Nyanchera, aliyekuja kunichukua, alinusa sakafu akasema hiyo ni pombe tupu. Saa sita za maombi zinaningoja. Jethro alichukua chupa mbili zilizosalia kwa uchunguzi.

Jumatatu, tarehe 13 Oktoba

Amefungua!

Saa mbili kasoro dakika tano. Alisimama langoni kwanza, muda mrefu. Jethro akatazama saa, akatutazama sisi tuliokuwa tunamtazama yeye, akaificha saa mfukoni. Ruqiya, aliyevaa sare ya shule, akamshika mama yake mkono. Wakatembea. Mlango wa mabati ulilia ulipofunguliwa, na yeye akasimama ndani, pale pale, katikati ya leso zenye vumbi, akimkumbatia yule mtoto. Mose alileta ufagio. Nilikuwa nyuma yao na katoni tupu, na nasema bila majivuno: matone yangu yamefanya kazi. Nani mwingine angeweza kuwalaza watu kumi chini kwa sekunde moja? Yaliingia kupitia ngozi.

Mama Ruqiya hakusahau ahadi. Amenionyesha pembe yangu. Nzuri, ina kivuli, ukuta imara.

Ni ukuta wa Mose. Mose anafungua kesho, na mtungi mpya.

Nimesema nitafikiria. Pembe ina unyevu.

Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Nyanchera ameniwekea sahani ya buluu mkononi, amenitoa nje, amefunga mlango.

Nimefika hadi kaunta ya Mose. Hatua nne tu zilibaki. Mama Ruqiya alinipungia leso kutoka kibandani kwake akisema, “Karibu, Baba Kemuma, kaa nasi.” Ruth alikuwa pale anangoja chipsi, akanivutia kiti. Mose akafurahi, akasema, “Mteja wangu wa pili!” akageuza kitufe, akawasha kiberiti.

Puu! Moto wa kawaida kabisa. Wa buluu.

Kuna wakati mtu anakumbuka ana miadi mahali pengine. Nilipita Kisii mjini, nadhani kwa kasi. Nimesimama Kiogoro. Yule bibi alikuwa shambani. Akanitazama kuanzia viatu. Akasema juzi wizara ilikuja na bakuli, leo imekuja na sahani, kesho italeta meza? Akaniketisha, akanipa maji. Akauliza ninakimbia nini. Nikasema nimekuja kwa ajili ya mgomba.

Sahani nimeirudisha kabatini.

Lakini siku haikupotea! Kwa yule bibi kuna maua ya maboga, mengi, manjano, na simu inasema ua la manjano ni kwa mtu anayeogopa halafu anakataa kwamba anaogopa. Watu wa namna hiyo ni hatari, wanajidanganya mpaka wanaugua. Nimemfikiria Jethro mara moja, yeye na kalamu yake. Nitaanza naye. Tayari ameulizia kama nina chupa zingine.

Asali ninayo. Ndizi zipo. Na safari hii magunzi sitayagonga kwa jiwe. Nimeazima nyundo.