Ukumbi wa Pool Usio na Kelele

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi, lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi soma kimyakimya, midomo isicheze. Hata neno moja lisifike ofisi ya maji. Hasa lisimfikie Karani Mkuu, aliyesema kwamba karani wa majaribio akionekana baa atabaki kwenye majaribio mpaka aote mvi. Mimi ndiye karani wa majaribio. Jina sitaji. Mama yangu bado anaishi mtaa huuhuu.

Jumatatu, 3 Juni

Chumba cha Shangazi kiko wazi! Mwoka mikate amehama na tanuri lake. Chumba kikubwa, madirisha mawili ya barabarani, sakafu imenyooka kama kiganja. Shangazi anasema atampa mmoja wetu: mimi, au Shemeji, mume wa dada yangu. Shemeji anataka kuweka vyuma vya kunyanyua. Akipita mlangoni kifua hutangulia, mwenyewe hufuata baadaye.

Nikaulizwa mimi nataka kuweka nini. Nikasema pool, ile ya meza na mipira. Ukumbi wa pool tu, bila baa. Sijui neno hilo lilitoka wapi. Nadhani woga, wote walikuwa wananitazama.

Shangazi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema pool ni mchezo wa baa, mwanangu, na samaki humtoi majini ukamwambia aendelee kuogelea. Shemeji akasema wazo zuri, shemeji. (Hila! Nani husifu wazo la mpinzani wake?) Mwisho Shangazi akakata shauri. Jumamosi nifanye jaribio. Jioni atapita mwenyewe. Akikuta chumba kimejaa watu, ni changu. Akikikuta kitupu, ni cha vyuma.

Changu! Sijawahi kuwa na kitu changu. Hata kiti ninachokalia ofisini kimepigwa muhuri wa idara.

Ila kuna swali linanitekenya tangu pale. Ukiiondolea pool bia, muziki na moshi, kinabaki nini? Kweli sijui. Sijawahi hata kushika ile fimbo yake.

Jumanne, 4 Juni

Uchunguzi. Nimekwenda baa ya Mzee Soda (anaitwa hivyo kwa sababu anauza bia na hanywi) kwa siri kubwa. Kofia pana. Miwani ya jua. Kola juu. Nilipotia mguu tu, baa nzima: Karani! Mbona bomba la mtaa wa juu limekauka? Nikaketi, nikaagiza maji. Wakasema kumbe yapo, anayanywa peke yake.

Nilipotulia nikatazama. Ajabu tupu! Meza moja, wachezaji wawili, makocha hawahesabiki. Anayecheza hufumba jicho. Hakuna anayefumba mdomo. Kuna dereva wa lori wanamwita Breki. Huizunguka meza, huinama, huinuka, huizunguka tena, kisha hukosa. Akikosa hulaumu chaki. Wenzake humwambia hata lori lake huenda vivyo hivyo, ndiyo maana mchanga huchelewa.

Foleni yao ndiyo kioja. Anayetaka kucheza huweka kizibo cha soda ukingoni mwa meza. Mshindi habanduki. Aliyefungwa anatoka, mwenye kizibo kinachofuata anaingia kumvaa mshindi. Na vizibo vyote ni sawasawa! Breki alidai kile cha mbele ni chake, kina alama ya meno yake. Mwingine akamuuliza, kwani sisi tunafungua kwa magoti? Wakashikana mashati. Baa nzima ikasimama. Watu wakaingia kutoka barabarani kuuliza kuna nini. Wengine wakaagiza soda palepale ili na wao wapate kizibo.

Nimeugundua ugonjwa wa mchezo huu. Foleni haina utaratibu.

Anayetawala meza ni muuguzi wa hospitali, sweta juu ya sare, akitoka zamu. Wanamwita Sindano: anakuchoma, maumivu unayasikia ukiwa umeshaketi. Halewi, haongei. Nilimfuata nje kwa umbali wa heshima. Akageuka akaniuliza kama ninaumwa. Nikavua miwani nikamuuliza: je, pakiwepo mahali pa pool pasipo na bia, atakuja? Akasema hata kesho, mdogo wangu. Amechoka kurudi nyumbani nywele zinanuka sigara. Akaongeza jambo kuhusu kuhitaji watu wa kuwafunga, ila nilikuwa nimeshafurahi.

Mteja wa kwanza!

Jumatano, 5 Juni

Nimeandika kanuni za ukumbi saa ya chakula, chini ya jalada la malalamiko. Kanuni nzuri mno, naona haya kuzisifu. Kila mchezaji achukue namba mlangoni. Mchezo ukiisha wote wawili watoke, mshindi na mshindwa, wapishe namba zinazofuata. Haki kwa wote. Watazamaji wakae kwenye benchi. Kutoa ushauri ni marufuku. Vizibo ni marufuku kabisa.

Karani Mkuu akatokea nyuma yangu. Nikazikalia kanuni. Akauliza mbona nimekaa upande. Nikasema mgongo. Kosa kubwa! Akavuta kiti akanisimulia mgongo wake wote, pingili moja baada ya nyingine, mpaka kengele.

Kibao nimekichora: UKUMBI WA POOL NA BILIADI. Biliadi sijawahi kuiona. Nimeiongeza kwa heshima.

Alhamisi, 6 Juni

Bahati hiyoo! Mzee Soda anapaka rangi baa Jumamosi, meza lazima itoke. Ataniazima siku nzima. Wachezaji hawatakuwa na pa kwenda isipokuwa kwangu. Hata mtego wa panya hauna mlango mmoja namna hii.

Nilimuuliza, kwa vile ameishi na meza hiyo, ni nini hasa kinawavuta watu. Alifikiri sana. Akasema yeye hajui kucheza, kwa macho yake ile meza ni mahali pa kuegemea wakati wa kubishana. Nikamshukuru kwa maoni yake. Maskini, kuuza si kuelewa.

Ijumaa, 7 Juni

Hakuna aliyeniambia kuwa chini ya kile kitambaa cha kijani kuna jiwe. Jiwe zima! Mimi na watu wa baa tuliivuta meza, ikabaki. Tuliisukuma, ikabaki. Breki alishauri tuizunguke kwanza. Ndipo akaja Shemeji na marafiki zake wa vyuma, wakainyanyua kama sinia la wali. Mimi nilibeba chaki.

Shemeji alisaidia hata kuipima kwa kikombe cha maji, isiinamie upande. Nilimkodolea macho. Mtu anayetaka chumba hawezi kuwa mwema hivi bure. Kisha akasoma kanuni zangu ukutani, akakuna shingo, akauliza, shemeji, sasa aliyeshinda anafukuzwa kwa kosa gani? Nikamweleza haki. Akasema sawa, ila ingekuwa yeye angewaachia watu wapige kelele kidogo, maana kelele ni tangazo la bure.

Mtego nimeuona peupe. Anataka niharibikiwe.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa mpangilio.

Asubuhi nilifungua. Nimepiga deki, nimefuta mipira yote, hata ule mweusi unang'aa. Breki akaja na wenzake. Nikawapa namba. Walizitazama kama watu waliopewa dawa bila maelezo. Breki akacheza na fundi rangi aliyetoroka baani. Breki akashinda! Mara ya kwanza maishani mwake, walisema. Akainua fimbo juu, akageuka kumtafuta wa kumtambia, nikamwambia kwa adabu atoke apishe namba inayofuata. Akauliza atoke aende wapi, na ameshinda? Nikamwonyesha benchi.

Akaketi. Wote wakaketi. Benchi likawa kama la kusubiri kung'olewa jino. Mpira ukigonga mpira, mlio unasikika mpaka kwenye meno. Kimya kizuri sana. Lakini mmoja akaenda kununua vocha, hakurudi. Wa pili akaenda kumtafuta. Mchana kukawa na mimi, Breki na nzi. Dirishani niliwaona wengine kule nje ya baa, wamekaa juu ya makreti katikati ya harufu ya rangi, bila meza, bila mchezo. Wanabishana! Juu ya nini? Nilitamani kwenda kuuliza, kwa kweli nilitamani sana, ila ukumbi ungebaki bila msimamizi.

Alasiri akaingia Sindano. Roho ikanirudi. Akamfunga Breki haraka, kama anayefunga kidonda. Nikasema, dada, pisha. Akasema hapishi. Akasema kwa upole kabisa, akipaka chaki: mdogo wangu, anayeshinda anabaki, ukimtoa mshindi, sisi wengine tumekuja kumkabili nani? Na hapo Breki akatoa kizibo mfukoni. Akakiweka ukingoni. Ndani ya ukumbi wangu!

Sindano akamfunga tena. Breki akapiga ukelele, akasema amesukumwa na upepo. Upepo gani, wapita njia wakamjibu kutoka dirishani, labda wa mdomo wako. Fundi rangi akarudi mbio na kizibo chake. Wa kwenye makreti wakasikia, wakaja. Wakaingia! Wakajaa! Wengine wamesimama juu ya benchi, watoto wamening'inia madirishani, mama wa duka la pili kaleta soda na vizibo vyake. Breki anaapa cha mbele ni chake. Muuza samani ambaye hajawahi kucheza anamfundisha Sindano namna ya kushika fimbo, na Sindano anamwitikia "ndiyo daktari", huku akitumbukiza mipira. Vicheko vikatikisa kioo cha dirisha.

Hapakuwa na pa kutia sindano.

Nikasimama ukutani nikatazama. Nitasema ukweli, kwa kuwa ni daftari langu: kwa muda kidogo niliona raha. Nikajiuliza, je, hiki ndicho kinachobaki? Kisha nikakumbuka kuwa Karani Mkuu hupita barabara ile kila Jumamosi akinyoosha mgongo. Akisikia? Akiniona?

Nikapanda juu ya benchi. Sijui nilipata wapi sauti. Nikakusanya vizibo vyote nikavitia kwenye kopo. Nikatangaza kwamba wote watoke nje, wajipange, waingie mmoja mmoja kwa namba. Breki akaniuliza kama ni kweli. Sindano akaweka fimbo mezani taratibu, akavaa sweta vizuri. Aliniambia pole. Sijui kwa nini, sikuwa naumwa.

Walitoka. Hakika walitoka vizuri, bila kusukumana. Nikasimama mlangoni na namba mkononi. Waliendelea kutembea.

Dakika hiyohiyo Karani Mkuu akapita na mwavuli wake. Akachungulia. Akaona meza, benchi tupu, kanuni ukutani. Akazisoma zote! Akasema, kijana, safi sana, hivi ndivyo mambo yanavyotakiwa. Akaenda zake. Hajawahi kunisifu, wala sijui kama aliwahi kumsifu mtu.

Nilikuwa bado nimesimama kikakamavu alipofika Shangazi. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akainama hata chini ya meza. Akaniuliza watu wako wapi.

Nikamwambia wapo, Shangazi, ila wamo katika utaratibu.

Jumapili, 9 Juni

Chumba ni cha vyuma. Shangazi alinishika bega, akasema alikuwa njiani akasikia kelele za furaha kutoka chumbani kwake, akakaza mwendo, moyo ukimwambia mtoto wa kaka yake ameweza. Alipofika, kimya. Akauliza nilifanya nini. Nikamweleza. Aliomba nirudie. Kisha akakaa chini.

Shemeji hakucheka. Amesema amekwishazungumza na Mzee Soda: hata baa ikikauka rangi meza inaweza kubaki kona ya chumba, kuna nafasi, nami niisimamie jioni, iwe yangu. Sharti moja tu, nizifute zile kanuni, mshindi abaki na vizibo viruhusiwe. Dada yangu akanikanyaga mguu chini ya meza nikubali. Nilikataa. Ukikubali kizibo leo, kesho utakubali nini?

Nimefikiri mchana kutwa, na sasa jibu la swali langu ninalo. Ukumbi wa pool peke yake unaweza kufanikiwa, bila shaka yoyote. Wangu ulikuwa kamili. Kasoro ilikuwa wachezaji. Nimeanza kuandika kanuni za kuwachagua: mtihani mfupi, barua mbili za udhamini, na mafunzo ya ukimya kwa wanaopiga ukelele. Mtu mzoefu tayari ameshaniambia safi sana.

Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, nilipokusihi usisome: kama una chumba kitupu, au unamjua mwenye nacho, nitafute. Usipige simu ofisini. Njoo dirisha la mwisho kushoto, baada ya saa ya chakula, uulize njia ya kwenda posta. Nikikohoa, Karani Mkuu yuko nyuma yangu. Shukuru, na uende posta kweli. Nisipokohoa, zunguka nyuma kwenye matangi, unisubiri kwenye kivuli. Njoo peke yako. Ukija na mwenzako, yeye atasimama nje ya lango mpaka aitwe.