Gikonyo wa Giakanja na Mhimili Uliokwama Kwenye BEN

Sogeeni karibu, enyi watu wa Tetu, na ninyi mliotawanyika mkafika Timau kwenye ngano na Doldol kwenye mifugo, wekeni vikombe chini mnisikilize, kwa maana leo nawapa habari kamili za vita vya sebuleni kwa Gikonyo, na sitaki tena kusikia zile za kombokombo zinazosimuliwa asubuhi pale tunapopimia maziwa. Mimi nilikuwapo. Nilikalia kiti cha karibu na mlango, chai mkononi, na niliona yote.

Huyu Gikonyo, baba yake Wendy, fundi wa vibao na bwana wa mashine ya kuchonga mbao, aliiweka mashine yake sebuleni, kati ya televisheni na kabati ya vyombo, kwa sababu banda lake la nje linavuja. Mkewe Warigia, mfumaji asiye na mpinzani kutoka Giakanja hadi Nyeri mjini, ambaye vitambaa vyake vimefunika kila kiti, kila meza na hata redio, hakuipenda mashine hiyo hata kidogo, maana ilimjazia unga wa mbao kwenye sukari. Wakanuniana majuma mengi. Kisha ukaja Julai na ukungu wake, Gikonyo akalalamika mezani kwamba mashine inasikia baridi, na Warigia akachukua sindano yake ya kroshia na uzi mweupe, akaifumia kitambaa kikubwa chenye matamvua marefu yanayoning'inia pande zote. Siku alipoifunika, amani ilirudi nyumbani humo, na sisi majirani tukaanza tena kukaribishwa chai.

Siku hizo Mwalimu Benter Ogutu, aliyetoka Homa Bay akiwa msichana, akamfundisha Gikonyo kusoma na baadaye akamfundisha Wendy, alikuwa anastaafu arudi kwao. Katika mkutano wa wazazi Gikonyo alisimama, bila kuombwa na yeyote, akaapa mbele ya kadamnasi kwamba atamchongea kibao cha kumuaga. Sherehe ilikuwa Jumamosi asubuhi.

Basi Ijumaa baada ya chakula cha mchana shujaa wetu akaingia vitani. Akaivua mashine kitambaa chake kwa mkono mmoja, kwa madaha, akakitupa kitini, akafunga ubao wa mti wa mukima na kubonyeza kitufe. Kisu kikanguruma, unga ukaruka, herufi zikajitokeza moja baada ya nyingine zimenyooka kabisa: MWALIMU BEN. Hapo mashine ikaguna, ikatetemeka, ikasimama, na kioo chake kidogo kikaandika kwa Kizungu kwamba mhimili umekwama. Akafunga ubao wa pili, akapata Mwalimu Ben wa pili. Ukabaki ubao mmoja tu.

Ndipo mapambano yakapamba moto. Akabadilisha waya wa umeme. Akapuliza unga kwa pampu ya baiskeli mpaka tukapiga chafya sote. Akatia mafuta ya cherehani kila palipong'aa. Akanituma kwa jirani nimwombe azime mashine ya kukata nyasi, eti inamlia umeme, na ng'ombe wa watu akangoja chakula bila kosa. Adui hakutikisika. Kisha akaingia Musembi, askari polisi wa kituo chetu, ambaye sisi wa Giakanja tunaamini anajua kuchonga kwa kuwa tu ni Mkamba, naye akashika patasi ajaribu kumalizia TER kwa mkono kwenye ubao ulioharibika. Ile T yake ilikuwa na miguu mitatu. Akairudisha patasi mezani taratibu, akauliza kama kuna chai.

Kutoka jikoni Warigia akasema, "Baba Wendy, si uambie watu ukweli mapema? Mwalimu hawezi kwenda kwao akiitwa Ben."

Gikonyo akaketi sakafuni kati ya mabaki ya vita, na hotuba yake ikanichoma moyo.

"Huyo mwalimu alinishika hii kidole akanionyesha G," akasema. "Wale wengine wote walisema mimi ni mjinga, nirudi nichunge mbuzi. Siwezi kumpatia kibao ya nusu."

Kisha akainuka, akauondoa ubao, akaiwasha mashine ikiwa tupu, ichonge hewa. Ikakwama palepale.

"Basi si mbao," akasema polepole. "Na si kisu, maana hakuna kitu inakata. Iko kitu imekaa hapo njiani."

Akazima umeme, akalala kifudifudi, akamulika kwa simu ile skrubu ndefu inayosukuma kisu kwenda na kurudi. Nasi tukainama. Kwenye mikunjo ya skrubu, mahali pamoja tu, ulikuwa umejizungusha uzi mweupe, umebana sawasawa. Tukageuka kutazama kitambaa kitini, na pembe yake moja haikuwa na matamvua.

Musembi akatazama dari. Mimi nikatazama chai yangu. Kitambaa kile ndicho kilichokuwa mkataba wa amani, na sote tulijua. Musembi akanong'ona kwamba uzi utolewe kimyakimya na isemwe ilikuwa vumbi, na nakiri nilimuunga mkono, kwa maana chai ya nyumba ile ni nzuri. Lakini Gikonyo, simba wa Tetu, akakichukua kitambaa, akaenda akasimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mama Wendy, niko na neno na usikasirike. Uzi ya kitambaa yako ndiyo imeshika mashine. Na si kosa yako. Ni mimi nilivuta vibaya, nikijifanya mkubwa."

Warigia akaitazama ile pembe kwa muda mrefu. Sijawahi kuogopa vile.

"Ati mashine inasikia baridi," akasema hatimaye, na akacheka mpaka akashika meza. Kisha akachukua sindano yake ya kroshia. "Usikate hiyo uzi, itabaki ndani. Zungusha pole pole, mimi nivute."

Hivyo ndivyo adui alivyoanguka: mume akirudisha skrubu kwa mkono, mke akinasa uzi kwa ncha ya sindano, mpaka ukatoka wote. Wakafunga ubao wa mwisho. Mashine ikafika BEN, nasi tukaacha kupumua. Ikapita. T ikaja, na mguu wake ulikuwa mmoja.

Jumamosi Mwalimu Benter alipokea kibao kimefungwa ndani ya kitambaa kilekile, maana Warigia alikataa kisafiri bila nguo. Akakifungua, akamwita Gikonyo mbele ya umati, akamshika kile kidole na kukipitisha juu ya herufi, mpaka mwisho wa OGUTU.

"Umeandika vizuri, Gikonyo," akasema. "Na hujaruka hata moja."

Gikonyo alilia, nami nililia, na anayesema Musembi hakulia hakuwapo. Basi ijulikane vizazi na vizazi kwamba mhimili ulikwama Giakanja na Giakanja ukashindwa. Mashine sasa ina kitambaa kipya kisicho na matamvua, na Mwalimu Ben, yule wa T yenye miguu mitatu, ni mlango wa banda la kuku.